Kunakili Kiti cha Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekalia kiti cha mume wangu karakanani, naye nyumbani amekalia kiti alichokichora mwenyewe. Ni cha magurudumu, cha majaribio, cha aina mpya, na kingine kama hicho hakijatengenezwa. Kilikamilika Novemba. Desemba kiharusi kikamwangusha bafuni, mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakamkimbia. Nani angejua kwamba atakayekijaribu kiti ni yeye?

Bi Mkubwa, mwenye karakana, ameniambia nishike nafasi yake "mpaka mwenzio apate nafuu." Mimi nimechora madawati na madirisha kwenye karakana nyingine miaka tisa. Viti vya magurudumu navijua kwa kuvisukuma tu, tena tangu juzi. Hilo sikulisema. Nilisema nitajitahidi.

Fundi mkuu wa kuchomelea wanamwita Rula, kwa sababu ya rula ya chuma anayoichomeka mfukoni kifuani. Aliniangalia kama mtu anayekagua bomba lililopinda dukani, kisha akarudi kwenye moto wake. Hata karibu hakuniambia.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua kazi za mume wangu kwenye kompyuta. Kila kipande cha kiti kina faili yake: bomba la upana, bomba la mgongo, kikanyagio, ekseli ya magurudumu. Ziko ishirini na tatu. Halafu kuna faili moja inayoviunganisha vipande vyote viwe kiti. Hiyo ameiita MAMA. Ukiifungua, kiti kinatokea kizima kwenye kioo, unakigeuza upendavyo.

Nilikigeuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa kama kumsikia akiongea.

Jumatano, 6 Machi

Rula kaupima mchoro wangu wa kwanza mara tatu, kausogeza mbali, kausogeza karibu, kaguna. Joto kali.

Ijumaa, 8 Machi

Kazi mbili zimeingia. Hospitali inataka viti ishirini vya aina mpya ya mume wangu, mwisho wa Aprili. Shule moja inataka viti vinane vya watoto muhula ukifunguliwa katikati ya Mei.

"Cha watoto usianze upya," Bi Mkubwa alisema. "Chukua cha mumeo, kipunguze. Mwenye mbuzi haendi kununua maziwa."

Sijawahi kuisikia hiyo methali. Nadhani anazitunga mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Siku njema! Nimenakili folda nzima ya kiti, nakala nikaiita KITI KIDOGO. Kisha nikabadilisha majina ya faili moja moja, kila moja nikiiongezea "dogo" mwishoni, ili zisichanganyike na zile za zamani. MAMA nikamwita MAMA MDOGO. Nikamfungua, na kiti kikatokea bila kulalamika. Nikafupisha bomba la upana kutoka milimita 420 hadi 340, kiti kikajibana vizuri, nikahifadhi. Nikajiona fundi.

Jioni nikamsimulia mume wangu tukiwa mezani, na wifi akimlisha. Wifi ni dada yake. Alikuja kwa wiki mbili, huu ni mwezi wa tatu, na bila yeye ningekuwa nimeshaokota makopo. Nilipofika kwenye MAMA MDOGO wifi alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo huko ofisini kwenu kuna mpaka mashangazi!"

Mume wangu hakucheka. Aliusukuma mkono wa wifi wenye kijiko, akanikazia macho, akahangaika na mdomo wake, na neno likatoka zima, la kwanza kueleweka tangu augue:

"Jina."

"Jina la nani, baba?" nikamuuliza.

"Jina. Jina!" Akapiga meza kwa mkono wa kushoto.

Baadaye jikoni wifi alinishika bega. "Usiumie, wifi. Daktari alisema mambo mengine yatapotea kisha yatarudi. Kasahau jina lako tu. Wewe mwenyewe hajakusahau, si unaona anavyokufuata kwa macho?"

Nilisema siumii. Nikaosha sufuria moja mara mbili.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi kabla ya kutoka nilipiga magoti mbele yake nikamtajia jina langu, taratibu. Akatikisa kichwa. Nikarudia. Akafumba macho kama mtu aliyechoshwa na mtoto.

Kazini Rula alitaka karatasi za kukatia mabomba ya viti vya hospitali. Nikafungua folda ya zamani, nikachapa kipande kimoja kimoja, nikampa. Mvua ya kwanza ilianguka mchana, ikapiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono.

Alhamisi, 14 Machi

Kiti kidogo kinaendelea. Nimefupisha mgongo, kikanyagio, ekseli na sehemu ya kuegemeza mikono. Mume wangu: "Jina." Mimi: jina langu. Yeye: kichwa, hapana.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya meza ya Rula. Kaweka ndoo. Kanipima tena kwa rula yake, yaani mchoro wangu. Huyu mtu ananitafutia kosa kwa tochi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nilimpandishia sauti mume wangu. Alianza tena: "Jina, jina," huku akinivuta kanga kama anataka kunipeleka mahali. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, nimetoka kwenye foleni ya maji. Nikasema, "Miaka kumi na mbili nimelala ubavuni mwako, na jina langu ndilo la kwanza kutupwa?"

Chozi likamtoka upande wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia hata kulia hauwezi vizuri. Nikamfuta kwa kanga ileile, nikamwomba radhi, nikamkata kucha.

Jumatano, 27 Machi

Nataka kuandika ya leo kama yalivyotokea.

Kiti cha kwanza cha hospitali kimeunganishwa leo. Rula alikisukuma mpaka katikati ya karakana. Bi Mkubwa, ambaye ni mkubwa kwa jina na kwa umbo pia, ana desturi ya kukijaribu kila kiti cha kwanza. Akageuka, akajishusha, na hakuingia. Wakacheka wote, naye akacheka kwanza kuliko wote. Kisha akamwita karani mwembamba, kijiti kabisa, akamwambia kaa. Karani akakwama kiunoni.

Kicheko kikakatika.

"Rula," Bi Mkubwa alisema, "hiki ni kiti cha nani?"

Rula akatoa rula yake, akapima. "Sentimita thelathini na nne."

"Na mchoro ulisemaje?"

Karatasi hazikuwepo. Zilikuwa chini ya paa linalovuja, zikageuka uji, zikatupwa wiki iliyopita. Na mabomba ya upana ya viti vyote ishirini, arobaini kwa jumla, yalikuwa yamekatwa na kutobolewa tayari. Kiti chenyewe ni kipya, hakuna anayejua vipimo vyake kwa kichwa.

"Mchoro wa yule bwana hauwezi kusema thelathini na nne," Bi Mkubwa alisema. "Miaka kumi na mmoja sijaona mchoro wake ukidanganya. Umesoma nini, Rula?"

Nilimsubiri ajitetee, anitupie mimi lawama. Alisimama na rula yake mkononi, akaikodolea macho kama inayoweza kumsaidia kujibu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo:

"Labda nimesoma vibaya, mama. Kosa langu."

Alhamisi, 28 Machi

Nilifungua folda ya zamani asubuhi ili nichape karatasi nyingine. Bomba la upana: 340. Imebadilishwa tarehe 11 Machi. Nikafungua mgongo: mfupi. Kikanyagio: kifupi. Vyote vitano nilivyovigusa. Nikafungua folda yangu mpya, KITI KIDOGO, na humo bomba la upana lenye jina jipya lilikuwa bado 420, halijaguswa, safi kama bibi harusi.

Sielewi imekuwaje. Ila mkono uliofanya ni huu unaoandika.

Nje, Rula alikuwa akikusanya mabomba arobaini peke yake, akiyapanga kwenye toroli. Hakuna aliyemsaidia. Nilizima kompyuta. Nikasema naenda msalani, nikakaa huko.

Ijumaa, 29 Machi

Nimetuma ujumbe kwamba naumwa. Si uongo kabisa.

Jumapili, 31 Machi

Wifi kaniuliza nani kafa. Nikamwambia yote, mpaka lile la kujificha. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ukisema, watakufukuza?"

"Huenda. Halafu tutakula nini? Dawa zake je?"

"Na yule fundi ana watu kwake?"

"Sijui."

"Basi kesho kamuulize," alisema, akapepeta.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimesema.

Nilitaka kuanza na Bi Mkubwa, lakini miguu ilinipeleka kwa Rula. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mvua ilikuwa imepumzika, kwa hiyo kila neno lilisikika.

"Fundi, hukusoma vibaya. Niliyekuchapia ndiye niliyekosea. Karatasi yenyewe ilisema thelathini na nne. Nimelijua tangu Alhamisi, nikanyamaza."

Aliinua uso. Nilijiandaa kwa matusi.

"Ilisema thelathini na nne?"

"Ndiyo."

"Una hakika? Haikusema namba nyingine, mimi nikaona thelathini na nne?"

"Njoo uone mwenyewe."

Hakuja. Alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi vya masizi, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemuua. Alipovishusha alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Dada yangu," alisema, "mwaka mzima huu macho yananichezea. Namba zinaogelea. Ndiyo maana kila kitu napima mara tatu, nasogeza mbali, nasogeza karibu. Nikasema siku nitakayokosea, basi, nimekwisha, maana fundi asiyeona atachomelea nini? Ijumaa nilimwambia mke wangu nitaacha kazi. Hakulala."

Kumbe mara tatu zote zile hakuwa ananipima mimi.

Nilikaa sakafuni kando ya ndoo yake. Yeye ndiye aliyeanza kunibembeleza, hebu fikiria, yeye.

Tukaenda kwa Bi Mkubwa wote wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Siku nne," alisema. "Umemwacha huyu abebe mzigo wako siku nne." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Sitakufukuza leo, kwa sababu nina hasira, na mimi sifukuzi mtu nikiwa na hasira. Nenda karekebishe. Nenda na Rula."

"Vipimo vya folda ya zamani vimefutika," nikasema. "Kwenye nakala yangu kuna vingine, lakini siiamini tena faili yoyote."

Rula akakuna kidevu. "Kiti chenyewe si tunacho? Si amekalia mwenzio?"

Jumanne, 2 Aprili

Rula alikuja nyumbani asubuhi na futi yake, na rula, na mkate. Mume wangu alipomwona alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu Desemba, akanyoosha mkono wa kushoto. Walishikana mikono muda mrefu bila kutikisa. Nilidhani Rula hakuja kumwona kwa sababu hajali. Leo aliniambia alifika getini mara mbili akarudi. Aliogopa kumkuta hajui kuongea.

Nilimwambia mume wangu kosa langu. Nilidhani atakasirika. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta ndogo ya kazini niliyokuwa nimeibeba.

Nikamwekea mapajani. Akashika kipanya kwa mkono wa kushoto, polepole, kama anayejifunza kula upya. Akafungua MAMA. Akaenda mahali ambapo mimi sijawahi kwenda, ndani ya programu yenyewe, kwenye amri ya kunakili kazi pamoja na vipande vyake vyote. Likafunguka jedwali: upande mmoja majina ya zamani, ishirini na tatu na MAMA wao, upande wa pili nafasi tupu za majina mapya. Akapiga kioo kwa kidole mpaka nikaogopa kitapasuka.

"Jina," akasema. "Jina. Jina. Hapa."

Nikaelewa.

MAMA habebi vipande tumboni. Anachokumbuka ni jina la kila kipande na mahali kinapokaa. Nilipobadilisha majina huku nje, mwenyewe, faili moja moja, MAMA MDOGO hakupewa habari. Akaendelea kuita vipande kwa majina yale yale ya zamani, na folda ya zamani ikamletea. Kila nilipofupisha kiti cha watoto, nilikuwa nafupisha kile kikubwa. Majina hubadilishwa humo ndani, kwenye jedwali, ili MAMA naye aambiwe.

Na huyu mtu alijua tangu jioni ile ya kijiko. Alikuwa na neno moja tu lililombakia, akalitumia, akalirudia, wiki tatu, na mimi nikamjibu kwa jina langu.

"Hukunisahau," nikamwambia.

Alinitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi. Wifi akaondoka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Kisha tukapima. Hakukubali kuhamishiwa kitandani. Rula alilala chali sakafuni chini ya kiti na tochi, akitaja namba, mimi nikizisoma mwenyewe kwenye futi kabla ya kuandika, kwa sababu ya macho yake, na mume wangu akiitikia kila moja: "Ee." Kwenye urefu wa kikanyagio akasema, "Aa-aa." Tukapima upya. Tulikuwa tumekosea milimita nne.

Alhamisi, 4 Aprili

Vipande vitano vimerudi kwenye vipimo vyake. Kisha nimenakili upya, kwa jedwali. Nikafupisha bomba moja la kiti kidogo, nikakimbia kufungua kikubwa. Hakijaguswa. Nikakifunga, nikakifungua tena. Hakijaguswa.

Ijumaa, 5 Aprili

Rula kagundua mabomba kumi na sita kati ya yale arobaini yanafaa kwa viti vinane vya watoto, kama yalivyo, na matundu yake. "Umetukatia mapema tu," alisema. Bi Mkubwa alisikia. Hakucheka, ila hakuondoka pia.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua usiku kucha. Barabara imekatika, tumetembea kwa miguu.

Jumatatu, 15 Aprili

Rula kapata miwani. Inamkalia kama mbuzi aliyevishwa koti. Kasoma karatasi yangu mara moja, akakata bomba. Kisha akaipima tena mara mbili. "Mazoea," akasema.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua.

Jumanne, 23 Aprili

Mume wangu kasema "chai." Wifi kasema, "Neno la tatu, na tayari anaagiza."

Jumatatu, 29 Aprili

Viti ishirini vimekwenda hospitali. Karani kijiti alivikalia vyote kimoja kimoja kabla havijapakiwa, akavuka karakana navyo huku akipunga mkono. Bi Mkubwa aliniita.

"Hasira imeisha," alisema. "Utabaki. Na mwenzio nataka aje Jumanne na Alhamisi asubuhi akague michoro. Atalipwa kama mkaguzi. Usiniambie hawezi kuongea. Wanaoongea ninao wengi."

Nilitaka kumshukuru, akanionyesha mlango.

Jumatatu, 13 Mei

Leo tumepeleka viti vya watoto. Mume wangu alitaka kuja, tukampandisha kwenye gari la mizigo, kiti chake kikafungwa kamba kati ya vile vinane. Mvua imekwisha, barabara ina vumbi tena.

Mwalimu alitupokea kwenye ukumbi mrefu wa mbele ya madarasa, sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Watoto walikalishwa, mimi nikipita kukaza mikanda na kuangalia kama miguu inafika kwenye vikanyagio. Wa nane alikuwa binti wa miaka kama tisa, mwenye meno mawili yanayoota. Hakusubiri. Mkanda ulipolia tu "tak," akashika magurudumu akaondoka, akagonga ukuta, akarudi nyuma, akaondoka tena. Alipofika kwa mume wangu akasimama. Alikitazama kiti chake, akakitazama cha mume wangu.

"Vinafanana."

"Ee," mume wangu akajibu.

"Cha kwangu ni kipya zaidi. Tushindane mpaka kule mwisho?"

Nilitaka kuingilia. Rula akanishika mkono.

Mume wangu akasukuma gurudumu la kushoto. Kiti kikazunguka duara, kama kinavyofanya siku zote akiwa hana wa kumsukuma. Akasukuma tena, duara. Binti alitazama bila huruma wala kicheko, kama mtu anayetazama mashine.

"Mkono wako mwingine haufanyi kazi?"

"Aa-aa."

"Basi shika huku nyuma kwangu. Mguu huo mzima upige chini. Usiachie."

Akamgeuzia mgongo. Mume wangu akanyoosha mkono wa kushoto, akashika bomba la mgongo wa kiti kidogo, akashusha mguu wa kushoto sakafuni. Binti akavuta pumzi, akaegemea mbele. Kwanza hawakusogea. Kisha wakasogea, kidogo, kisha zaidi, yeye akisukuma kwa mikono miwili, mume wangu akipiga chini kwa mguu mmoja, polepole, wakinyooka kwenye ukumbi mzima. Watoto wengine wakaanza kupiga makofi. Rula alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Kengele ililia walipofika mwisho. Binti akamwambia "achia," akageuza kiti chake, akaingia darasani bila kuaga.

Nilikimbia kwenda kumrudisha mume wangu. Alikuwa anahema, jasho linamtoka, uso wote uko upande mmoja kwa kucheka. Nilipotia mikono kwenye vishikio akatikisa kichwa.

"Bado," akasema.

Nikaviachia. Nikaketi kwenye ngazi karibu naye, na tukabaki pale, tukiwasikiliza watoto darasani wakiitikia majina yao mmoja mmoja, mpaka mwalimu alipomaliza orodha.